Kivimbe Kilichonitoa Kwenye Sinia

Nilikwenda Msambweni kwa hasira, si kwa ugonjwa. Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa na kivimbe mkono wa kulia, chini ya kiwiko, na hakikuniuma hata kidogo. Lakini kwenye maulidi hapa kwetu Galu, ami yangu Bakari aliniondoa kwenye sinia mbele za watu, akaniletea pilau bakulini, nile peke yangu kama paka.

"Usiudhike, mwanangu. Twajikinga na ukoma tu."

Mimi, fundi cherehani! Wiki nzima hakuna aliyeniletea hata suruali ya kutia kiraka.

Jumanne alfajiri nikapanda baiskeli. Nilipofika Kinondo, muuza mihogo alitaka kunipiga chuku, aninyonye damu kwa pembe. Pale Gazi, nikiziba pancha, mzee mmoja akanishauri nichomwe kwa msumari wa moto. Jamani! Njia nzima waganga watupu.

Adhuhuri nikawa hospitalini Msambweni. Daktari alikibonyeza kivimbe kwa vidole viwili, kikateleza chini ya ngozi. Akanidunga pini, nikaruka.

"Wahisi vizuri. Huu si ukoma," akasema. "Ni mafuta yaliyojikusanya. Hayaambukizi. Waweza kukaa nayo mpaka uzeeni."

"Yatoe!"

"Ya nini? Hayakuzuii kazi."

"Yamenizuia wateja, daktari!"

Akanichoma sindano ya ganzi, akapasua. Kikatoka kidonge cha manjano, mafuta ya kuku hasa. Nikakiomba. Akacheka, akanitilia kwenye chupa ya dawa, akanishona.

Nilirudi siku ya pili kwa lori la makuti, baiskeli juu ya mzigo, mkono una bandeji, chupa mapajani, nikipanga maneno ya kumwambia ami. Na yalikuwa makali.

Magharibi nilimkuta barazani peke yake. Sikumwamkia. Nikaiweka chupa mbele yake.

"Ukoma wako huo! Mafuta matupu!"

Akaitazama sana.

"Uliumia walipokitoa?"

"La."

Akachungulia njiani, kisha akapandisha kanzu mpaka mabegani. Chini ya bega palikuwa na uvimbe mkubwa kama yai.

"Mwaka wa saba huu. Ajuaye ni mke wangu tu. Kila nikiuona mkono wako, mwanangu, silali."

Nilitaka kumuuliza miaka yote hiyo yeye alikuwa akila sinia gani. Siku zote nilidhani ananiogopa mimi, kumbe ajiogopa mwenyewe.

"Shikamoo, ami," nikasema mwishowe. "Kesho nakupeleka Msambweni mwenyewe. Daktari akutazame. Lakini leo mwambie mkeo apakue sinia moja."