Kalenda Inasema Mama Yangu Amekufa

Admin, jina langu libaki huko inbox tafadhali, na la shule pia. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu katika shule moja ya kutwa hapa Eldoret. Tunaishi Kimumu, mimi na mama tu. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, akazikwa kwao magharibi, na mama akarudi huku kuuza mboga. Mimi si mtu wa kuongea. Darasani nikiulizwa swali ambalo jibu lake ninalijua, hunikwama kooni. Kuandika ndiko ninakoweza, kwa hivyo nivumilieni.

Karo yangu hulipwa na shirika moja kubwa la misaada. Wanalipa kweli, sitawasingizia. Kila mwaka wao huchapisha kalenda ya kupelekea wafadhili ng'ambo, na safari hii walichagua picha yangu. Mimi ni Agosti. Nimesimama kando ya mlango wetu wa mabati nikiwa nimeshika kitabu, na chini ya picha kuna maneno ya Kiingereza.

Mama alipoletewa nakala yake alinunua msumari siku hiyo hiyo, akaitundika juu ya meza, akafungua Agosti, na hajaigeuza tena. Kwetu ni Agosti kila mwezi. Mama aliachia masomo darasa la tatu na Kiingereza hajui. Mimi niliyasoma yale maneno mara tatu nikidhani nimekosea. Yanasema kwamba baba na mama yangu walikufa, na kwamba nalelewa na mwanamke mmoja mwenye huruma.

Jumapili iliyofuata akina mama wa kanisa walikuja kwetu kwa maombi. Mama huniita Mwalimu kwa sababu ya vitabu. Akasema, "Mwalimu, hebu wasomee hawa kile wazungu wameandika." Nikasimama pale ukutani, nikasoma: "Mama yake ni mwanamke mwenye bidii. Bila yeye mtoto huyu hangefika mahali alipo." Wakapiga makofi. Mmoja akamwambia, "Eh! Sasa unajulikana mpaka ng'ambo, utatusalimia kweli?" Mama akacheka, kisha akajipangusa macho kwa leso. Tangu siku hiyo kila mgeni akija lazima nisome. Nimeyasoma maneno yasiyokuwepo mara nyingi mpaka nimeyakariri, na kila mara nachoka zaidi.

Wiki iliyopita nilijikaza nikaenda ofisini kwao mjini, kwa madam anayesimamia watoto wa mradi. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwa karatasi ili nisisahau. Hakuisoma.

"Sasa wewe shida yako ni nini? Karo si imelipwa?"

"Imelipwa, Madam. Lakini mama yangu yuko hai."

"Najua yuko hai. Si hununua mboga kwake mimi? Sikiza, mtoto mzuri. Wale watu hawatoi kitu kwa hadithi ya nusu. Watoto wenye mama wako wengi. Mama yako amekufa kwa karatasi tu, hata hajaumwa na kichwa."

Watu wa ofisi wakacheka. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini rafiki yangu wa dawati moja, ambaye pia yuko kwenye mradi, alirudishwa nyumbani akiambiwa pesa haijafika, na kalenda zimechapishwa kwa karatasi nzito ya kung'aa. Akajibu, "Hiyo ni bajeti ingine. Wewe soma vitabu vyako." Nilipokuwa mlangoni akaniita tena. Wafadhili wanakuja wiki ijayo, na wanataka kumwona msichana wa Agosti. "Mama abaki nyumbani. Ama akikuja, siku hiyo mwite aunty. Ni siku moja tu."

Nimefikiria sana. Labda kuna mtu huko ng'ambo ambaye si tajiri, anayejinyima ili mimi nisome, na usiku anamwombea marehemu mama yangu. Yeye pia amedanganywa. Na mimi ndiye niliyekula matunda ya uongo huo, hata kama si mimi niliyeuandika.

Mama amesikia kwamba wageni wanakuja. Mtoto wa jirani alimwambia. Amemfungia jogoo wake mmoja kando na kumlisha vizuri, kwa sababu anasema kwao mgeni akiondoka bila kuku ni kama umemfukuza. Tena ameniomba nimfundishe sentensi moja ya Kiingereza ili awashukuru mwenyewe. Nilimwambia achague atakachosema. Akachagua: "I am the mother." Baada ya hapo anataja jina langu, na "thank you."

Nikimwambia ukweli, najua ataenda ile ofisi na leso yake kiunoni, na masomo yangu yataishia hapo. Nikinyamaza, atasimama mbele ya wageni aseme hayo, na Madam ataniangalia nimwite aunty mbele za watu. Mama aliyenizaa. Ninyi mlio na watoto, na ninyi mliowahi kusaidiwa mkaambiwa mnyamaze, niambieni la kufanya, maana siku zinaisha na sina mwingine wa kumuuliza.

Kila jioni akipika ananiuliza, "Nimesema sawa, Mwalimu?" Nami humrekebisha: ulimi uguse meno kidogo, mama. Jana amesema bila kukosea hata neno moja.