Ndaki Alipohamia Chumba cha Watoto

Miezi michache baada ya kuachana na machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo na kurudi nyumbani moja kwa moja, Ndaki alibeba godoro akahamia chumba walicholelea watoto. Alimwambia mkewe, Scolastika, kwamba anakoroma mno. Lakini katika miaka thelathini na minane ya ndoa alikuwa akikoroma, na hakuna aliyelalamika.

Scolastika, mwenye miaka sitini na moja, akawa hatulii. Majirani wa mtaa wao wa Ngokolo walimwona akifagia uwanja mara mbili asubuhi moja, akienda sokoni na kurudi bila alichofuata. Kichwani mwake alikuwamo mwanamke aliyedhani Ndaki anaye Mwakitolyo, asiye na sura. Ndaki akijifungia mlango kuvaa, ni huyo mwanamke. Akiukwepa mkono wake mezani, ni huyo huyo.

Jumanne moja akaaga kwamba anakwenda kumjulia hali dada yake, akapanda gari la Mwakitolyo. Huko akaulizauliza hadi akafika kwa Paskalia, mama lishe aliyempikia Ndaki miaka yote.

"Mimi ni mke wa Ndaki. Nionyeshe mwanamke wake."

Paskalia akaweka mwiko chini. "Shikamoo, mayu, mama yangu. Kaa kwanza."

"Sikuja kukaa."

"Mzee hakuwa na mwanamke hapa." Paskalia akasita, akapunguza sauti. "Alikuwa akiniomba maji ya moto akoroge dawa za waganga. Alisema ni za mgongo, ila hapa sote tunazijua. Ni za nguvu za kiume. Na alikuwa akikonda, mayu. Kutwa nzima kiu, maji, maji."

Scolastika akarudi mjini na hasira isiyo na mtu wa kumshukia. Alimkuta Ndaki nyuma ya nyumba akipasua kuni.

"Nimetoka Mwakitolyo," alisema. "Paskalia ameniambia habari za dawa."

Ndaki aliliacha shoka kwenye gogo.

"Nilijua utanicheka," akasema.

"Lini nilikucheka?"

Kesho yake Ndaki alikubali kwenda hospitali. Daktari, dada mmoja aitwaye Noela, alimpima akakuta kisukari cha siku nyingi. Akawaeleza wote wawili kwamba ugonjwa huo hudhoofisha hata mambo ya chumbani, kwamba matibabu yapo, ila hawezi kuahidi kila kitu kitarudi.

Njiani Ndaki aliuliza bila kumtazama, "Na kisiporudi?"

"Baba Vumilia, wewe ulininyima hata mkono. Hilo ndilo lililoniumiza."

Godoro lilirudi Ijumaa. Siku hizi, wakishakula mchana, hufunga mlango wakajilaza, mkono wa Ndaki ukiwa kiunoni mwa mkewe. Mara nyingine huwa zaidi ya hapo, mara nyingi huwa maongezi tu. Sukari hupanda, hushuka. Scolastika bado hajatulia. Ndaki akichelewa kurudi kutoka kliniki, huvaa ndala akaenda kusimama barabarani, akimtazamia.