Upande wa Kulia wa Uso wa Baba

Baba yangu ni fundi cherehani hapa Malindi. Nimeishi naye nyumba moja karibu maisha yangu yote, na nilidhani uso wake naujua.

Mimi nafundisha sanaa katika shule ya upili. Mwaka juzi niliazima kitabu kuhusu wachoraji wa Marekani wa miaka ya sitini na sabini, waliofuata picha za kamera kwa uaminifu hadi mtu asijue kama anatazama rangi au picha. Nilishtuka. Mmoja wao alichora nyuso kubwa kuliko mlango, kila kinyweleo kikionekana. Mwingine alichora vioo vya maduka, na barabara nzima imo ndani ya kioo. Hawakupamba wala hawakuficha. Kilichokuwamo pichani ndicho kilichoingia kwenye rangi, kizuri au kibaya.

Nikataka kujaribu. Asubuhi moja nilimkuta Baba barazani, nikampiga picha kwa simu.

"Fanya haraka," akasema, "nina kanzu ya mtu hapa."

Nilienda kuichapisha picha ile kwa ukubwa, nikaigawa kwa miraba midogo ya penseli, na miraba kama hiyo nikaipiga kwenye turubai ya kuchorea. Kisha nikazigeuza zote mbili juu chini, picha nikaifunika kwa karatasi, nikawa naacha wazi mraba mmoja tu. Hapo huoni jicho wala mdomo. Unaona vivuli, na mkono haupati nafasi ya kuchora kile unachodhani unakijua.

Nilichora miezi minne, jioni baada ya kusahihisha madaftari. Siku niliyomaliza, niliigeuza turubai nikaiegemeza ukutani sebuleni, nikaenda kunawa rangi mikononi.

Shangazi, dada yake Baba, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Lamu. Nikamsikia akiingia na kusema, "Shikamoo, kaka." Akarudia, kwa sauti zaidi. Kisha ukelele.

Nilitoka mbio. Amesimama mbele ya picha, mkono kifuani.

"Astaghfirullah! Nimeamkia ukuta!" akasema, nikaanza kucheka kwa furaha. Lakini yeye hakucheka. Alisogea karibu. "Mwanangu, mbona umempinda mdomo?"

"Sikumpinda, shangazi."

"Hebu tazama."

Nikatazama. Upande wa kulia mdomo ulikuwa umeshuka, na kope ya jicho la upande huo imelegea. Nikaamini nimekosea mraba. Nikaileta picha ya kamera, nikaiweka kando ya turubai. Mdomo ulikuwa umeshuka vilevile. Nikakaa sakafuni. Miezi minne nilikuwa nimeuchora ugonjwa wa baba yangu, kivuli kwa kivuli, nikijisifu mkono wangu haukosei.

Tulimfuata kwenye kibanda anachoshonea. Uso wake ulikuwa umenyooka, anapiga pindo kama kawaida. Shangazi akamwonyesha ile picha ya kamera.

Baba akaitazama. "Siku hiyo mkasi ulinianguka mara mbili," akasema. "Mkono ulikuwa kama si wangu. Ulimi pia, mzito. Kufika adhuhuri hali hiyo ikapita."

"Na hukuniambia?"

"Ilipita, mama. Ningekwambia nini?"

Kesho yake tulikuwa hospitalini. Daktari, mwanamke kijana, alimpima presha, akaipima tena, akaagiza apigwe picha ya kichwa. Alituambia ni kiharusi kidogo, na kwamba kwa presha ile, kikubwa kilikuwa njiani. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa. Mimi nilishika ukingo wa meza yake kwa mikono miwili.

Baba anameza dawa kila asubuhi sasa, na chumvi amepunguza kwa manung'uniko mengi. Bado anashona. Picha hakutaka itundikwe nyumbani. Nimeiweka kabatini shuleni. Mara moja niliitoa, nikachovya brashi nimnyooshee mdomo. Sikuweza. Niliifuta brashi nikaifunika picha kwa shuka.

Jioni hiyo nilikaa mbele ya Baba wakati wa chai, nikamtazama usoni, upande huu na upande ule, hadi akaniuliza kama nimepotewa na kitu.