Sale la Mama Chini ya Msalaba

Sijawahi kuupenda ule msalaba wa kilimani, na sitaanza kuupenda sasa. Ulijengwa na watu wa kwetu wanaoishi Dar, wale wanaorudi kila Desemba na magari yanayoziba njia za migombani. Walipoumaliza wakabandika kibao cha marumaru chenye majina ya waliochangia, na jina la Yesu halimo. Taa zake za sola ziliwaka Krismasi ya kwanza, zikafa kabla ya Pasaka, na hakuna aliyepanda kuzitazama. Hata hivyo, kila mwaka Krismasi ikishapita, kijiji kizima kinapanda kuhiji pale, na mwenyekiti wa kamati ya hija ni mjomba wangu.

Mjomba huyu, kaka wa mama yangu, alikuwa hajaongea na mama tangu matanga ya babu. Chanzo ni nyama. Najua mtu wa mbali atacheka. Hata mimi nilicheka miaka mingi. Kwetu mnyama wa ukoo akichinjwa, kila mtu ana fungu lake, na binti aliyeolewa akirudi kwa baba yake ana lake pia. Siku ile mjomba ndiye aliyeshika kisu. Asubuhi yake walikuwa wamebishana, yeye na mama, juu ya nani alimuuguza mzee na nani alikuwa akituma salamu tu. Mjomba akagawa nyama, akaruka fungu la mama, akafuta kisu kwenye jani la mgomba. Bila kufungua mdomo alikuwa amemwambia mbele ya ukoo mzima kwamba yeye si wa nyumba ile.

Mwaka ninaousimulia, mama alikuwa amepangiwa kupasuliwa uvimbe wa tumbo baada ya mwaka mpya. Daktari alimweleza hatari zote, akazisikiliza kama mtu anayesomewa tangazo la mnada. Alipotoka nje ndipo akaniambia linalomsumbua.

"Sitaki kuingia kwenye kile chumba nikiwa mtu asiye na kwao."

Alikuwa ameshakwenda kwa kaka yake zaidi ya mara moja. Kila akifika, mke wa mjomba anatoka getini na kusema baba amelala, mchana kweupe, huku tunamsikia akikohoa na kubadilisha stesheni za redio. Ndiyo maana mama akachagua hija. Kule juu mjomba angesimama chini ya msalaba kupokea watu, na geti hakuna.

Nilipofika kutoka Rau, ninakoishi, asubuhi ya siku hiyo, nilimkuta amevaa kitenge cha kanisani na raba zangu za zamani, na mkononi ana jani la sale. Ni ule mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya ukoo. Ukitaka kupatana na mtu unamletea jani lake limefungwa fundo, na akishalipokea mkononi, yameisha. Kulikataa hakuna anayethubutu, hata hawa wenye digrii zao.

"Mama, aliyekosa ni yeye," nikamwambia. "Yeye ndiye wa kuleta sale."

"Nikimsubiri yeye nitakufa."

"Basi abaki na kisirani chake."

"Funga kamba za viatu, twende."

Chini ya kilima tuliwakuta mahujaji. Walikuwa na fulana mpya za aina moja, na raba nyeupe ambazo tope la usiku lilikuwa linazisubiri kwa hamu. Mwanamke mmoja aliuliza kama bodaboda inafika hadi juu. Jamaa mwingine alibeba spika begani ikiimba kwaya, akamzima kabisa katekista aliyekuwa anajitahidi kuongoza rozari. Wachache waliitikia Salamu Maria. Wengine walikuwa wanatafuta pumzi, au mtandao.

Mama alinishika mkono, akawa anapanda kidogo, anasimama, anajifanya anatazama migomba ya watu. "Hii wameiacha bila kupunguza," anasema, huku anahema. Nami namkubalia, nikijua kwamba hajaiona hiyo migomba wala haitaki. Hasira ilinijaa kwa kila hatua yake. Mzee mzima mwenye miguu mizuri amekaa juu anasubiri kupigwa picha, na mgonjwa ndiye anayepanda kumfuata.

Katikati ya njia tukakuta vijana wa kamati na mizigo ya majani mabichi. Walikuwa wanagawa masale, bila fundo hata moja.

"Kila hujaji achukue moja, akaliweke msalabani," walitangaza. "Ni ishara ya kusameheana!"

Nilisimama nikawatazama. Kamati ilikaa vikao, ikanywa soda, ikaamua kuchukua kitu ambacho wazee walikishika kwa mikono miwili, ikakigawa kama vipeperushi vya uchaguzi. Mbele yetu dada mmoja alikuwa anajipepea kwa sale lake. Mwingine aliinama akalitumia lake kukwangua tope kwenye raba. Mama aliwatazama, akatazama jani lake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya daktari nikaona hofu usoni mwake.

"Hataliona," alisema.

Juu, mjomba alikuwa amevaa suti. Alisimama chini ya msalaba akipokea majani ya watu na kuyatupa kwenye lundo pembeni, huku uso wake umeelekea simu ya binamu yangu mmoja kutoka Dar aliyekuwa anamrekodi. "Karibu, Mungu akubariki. Karibu, Mungu akubariki." Zamu ya mama ikafika.

"Shikamoo, kaka," alisema, akampa sale kwa mikono miwili.

"Marahaba, karibu, Mungu akubariki."

Akalipokea, akalitupa kwenye lundo. Macho hayakutoka kwenye simu. Waliokuwa nyuma wakamsukuma mama kwa upole, maana na wao walitaka kuonekana.

Nilimkalisha kwenye jiwe. Chini yetu mji wa Moshi ulikuwa unawaka jua, na mashamba ya miwa nyuma yake, na wageni wote walikuwa wamegeuka kuupiga picha. Nilikuwa na maneno ya kumwambia mjomba tayari mdomoni, mengine hayasemeki mbele ya msalaba hata kama ni msalaba wenyewe ule.

"Twende nyumbani, mama."

"Bado nyama," akasema.

Kamati ilikuwa imechinja dume la ng'ombe lililotolewa na ukoo wetu, nyuma ya kibao cha marumaru, na aliyeshika kisu, bila shaka, alikuwa mwenyekiti. Mama akainuka. Alikwenda kwenye lundo la masale, akainama, akafukua bila haraka mpaka akalipata lenye fundo. Kisha akaenda akasimama mbele ya kaka yake.

"Hili ni lako."

"Hayo ni ya msalabani," mjomba alisema kwa sauti ya kikao. "Ni ya Yesu hayo."

"Yesu sina ugomvi naye. Hili lina fundo. Nimekupa mkononi, ukalipokea."

Wamama wazee waliokuwa wanapanga ndizi waliacha kupanga. Mjomba akafungua mdomo, nadhani akanushe, na binamu yangu, ambaye hajui sale wala fundo, akainua simu kwa furaha.

"Ni kweli, mzee! Iko hapa kwenye video."

Ndicho kitu pekee cha maana nilichowahi kuona kikitoka Dar mwezi wa Desemba.

"Unataka nini?" mjomba akauliza, chini chini.

"Fungu langu."

Akakata kipande chembamba. Mama mmoja mzee akakohoa. Mjomba akakiweka pembeni, akakata tena, safari hii fungu lenyewe, la binti wa nyumba, akalifunga kwenye jani la mgomba na kumpa dada yake.

"Pole na kuumwa," akasema.

Kumbe alijua. Alijua muda wote aliokuwa anakohoa nyuma ya geti.

Niliteremka kile kilima nikimsema mjomba kuanzia juu hadi chini: suti yake, kamati yake, na kwamba hata kuomba msamaha hakuomba. Mama alikuwa anatazama pa kukanyaga. Nilitaka kumsaidia mzigo akakataa, akaushika mwenyewe kifuani mpaka nyumbani, damu ikichuruzika kwenye kitenge cha kanisani.

Nilimpikia nyama ile na ndizi. Tumbo lilikuwa haliruhusu chakula kingi, akala kipande kimoja, polepole, akalamba vidole. Nilikuwa bado naongea. Akaweka sahani chini.

"Nyamaza sasa," akasema. "Leo nimekula kwetu."