Mwenzangu wa Padi Moja

Simu ya Alhamisi asubuhi ilinikuta nikinyoa ndevu. Aliyepiga alikuwa mke wa rafiki yangu wa siku nyingi, mama anayejua salamu, naye siku hiyo hakunisalimu, kwa hiyo nilijua kabla hajatamka. Alisema, "Mwenzako ametangulia." Hakusema mume wangu, wala baba watoto. Alisema mwenzako, na neno hilo limenikwama kooni wiki nzima kama mwiba wa samaki. Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kwamba safu hii haimtaji mtu kwa jina, na wapo mlioniandikia kunisifu kwa hilo, mkidhani ni adabu ya mtu aliyelelewa vizuri. Leo nitawaambia tabia hiyo ilianzia wapi. Mkimaliza kusoma, sifa zenu mnaweza kuzichukua tena.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, pale Lushoto mjini nyuma ya soko, palikuwa na chumba chenye televisheni moja, mabenchi matatu na mashine ya gemu. Mwenye chumba alikuwa mama muuza mitumba aliyeipata mashine hiyo Tanga, ikiwa na padi mbili za kuchezea na gemu moja tu. Gemu yenyewe ilikuwa ya ngumi, ila si ngumi za kawaida. Walioitengeneza walichukua wababe wa gemu mbili tofauti, watu ambao hawakuwahi kukutana, wakawatia ulingo mmoja, tena kwa jozi. Unachagua wawili, mmoja anapigana, mwenziwe anasubiri nje, na ukibonyeza kitufe wanabadilishana. Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani, hivyo wababe tuliwabatiza sisi wenyewe. Alikuwepo Bwana Shamba, kwa sababu ya kaptura yake na mabuti, na alikuwepo Mama Mchungaji, aliyevaa gauni refu na kurusha mateke ambayo hakuna usharika ambao ungeyavumilia. Na kwa kuwa padi zilikuwa mbili na watu tulikuwa tele, tulijitungia sheria ambayo sijaiona popote tena: kila upande ukae na watu wawili na padi moja, kila mtu na mbabe wake, na mbabe wako akitoka ulingoni unamkabidhi mwenzako padi. Urafiki mwingi ulivunjikia hapo kwenye kukabidhi, maana mtu akipigwa ndipo anapozidi kuing'ang'ania.

Kuhusu gemu hiyo kila mtu alikuwa na maoni, na maoni yalichukua muda kuliko mchezo. Mwalimu mmoja wa sekondari, mwongoza kwaya ya Kilutheri, alishikilia kwamba kubadilishana kumeiharibu ngumi. Aliyeanza ugomvi aumalize mwenyewe, alisema, vinginevyo ni uoga uliopewa kitufe. Fundi cherehani wa jirani yeye hakuwa na shida na kubadilishana. Kosa aliloliona lilikuwa kuchanganya. Kila mbabe kwao alikuwa na nguvu zake, alidai, na walipoletwa pamoja wa upande mmoja walipendelewa, naye alikuwa tayari kukuonyesha hilo pigo kwa pigo huku suruali za watu zikingoja pindo. Madereva wa malori ya mboga waliona ndiyo gemu bora duniani, pengine kwa sababu hawakuwa wameona nyingine. Mimi nilikuwa upande wa mwalimu. Nilikuwa king'ang'anizi, na maoni yangu yalinifaa.

Marehemu alikuwa mwenzangu wa padi. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha chai kilicho mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka mjini, kwenye draya, yaani ile mitambo ya moto inayokausha majani. Baba yake alikuwa manamba, kibarua wa mkataba aliyetoka mbali akazeekea kwenye kambi ya wafanyakazi wa chai, yeye akazaliwa humo humo, akaoa binti Mshambaa wa Rangwi na kuongea Kishambaa hata wazee wakasahau kwamba si wa kwao. Alinizidi miaka kumi hivi. Kila Jumamosi mchana nilimpa shikamoo yake, akaitika marahaba kwa utulivu wote, na baada ya hapo tulitukanana kama mashemeji mpaka jua linageuka. Alijulikana kwa kukabidhi padi mapema mno. Mbabe wake akiguswa mara tatu tu, padi ilikuwa tayari magotini kwangu.

Nilipomlalamikia, alinionyesha jambo. Damu ya mbabe ilionekana juu ya televisheni kwa mstari, na akipigwa, sehemu ya mstari ilibadilika kuwa nyekundu. Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba wekundu ule ni mapambo. Marehemu alikaa Jumamosi nzima bila kucheza, akiutazama mstari wa yule aliye nje, saa ya ukutani mbele yake. Jioni akasimama akatuambia kwamba anayepumzika nje nguvu zinamrudia, polepole, na wekundu ndio kipimo cha zile zinazoweza kurudi. Ukimchelewesha ndani, hata hizo zinapotea. Tulijaribu, tukaona ni kweli. Mwalimu alijaribu mara mbili zaidi, akitafuta kosa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi kwa muda huku nikituma habari kwa gazeti moja la binafsi, mojawapo ya yale yaliyochipuka miaka ile na ambalo sasa halipo. Mhariri aliniomba kitu chepesi kuhusu burudani mpya za vijijini. Nikaona niandike maoni ya wachezaji wa ile gemu. Nilimwandika mwalimu, nikamwandika fundi, kisha nikaandika maneno ambayo marehemu aliyasema akiwa benchini, kikombe cha chai mkononi: "Aliyetengeneza gemu hii anajua kwamba mtu akipumzika hajatoroka kazi. Kule kwetu siku hizi hakuna wa kukupokea. Unabaki kwenye moto mpaka udondoke, halafu wanauliza kwa nini umedondoka." Kiwanda kilikuwa kimebinafsishwa. Nusu ya watu walikuwa wamepunguzwa, na waliobaki draya walifanya zamu mbili kwa mkupuo. Wiki chache nyuma mmoja wao alikuwa ameanguka na kuungua mkono. Jina la marehemu sikuliandika. Nilijiona mwangalifu sana. Niliandika tu sehemu anayofanyia kazi, kwao kwa asili, na alama moja aliyokuwa nayo mwilini, ili msomaji amwone. Sitazirudia leo. Huku milimani mtu hutambuliwa akiwa mteremko wa ng'ambo, kwa namna anavyoweka jembe begani, na mimi niliyezaliwa huku nilidhani kuacha jina ni kumficha mtu.

Gazeti lilipanda na basi la Jumamosi. Jumapili baada ya misa marehemu aliingia chumbani kwetu na nguo zake za kanisani, gazeti limekunjwa mkononi, na kabla sijamaliza shikamoo alianza kusoma kwa sauti. Alisoma polepole mpaka mwisho. Gemu iliendelea kulia peke yake, hakuna aliyegusa padi. Kisha akaniambia, bila hasira niliyoweza kuiona, kwamba bwana utumishi wa kiwanda amemwita kesho saa mbili asubuhi. Nyumba aliyokaa na mkewe na watoto wanne ilikuwa ya kambi, kazi ikiondoka na nyumba inaondoka. Hakuniomba niseme uongo mkubwa. "Njoo useme ulichanganya maneno ya watu wengi," alisema. "Itatosha." Mwalimu na fundi walikuwepo, wakanitazama. Nikasema nitakuja.

Jumatatu nilikwenda naye. Njia nzima nilikuwa na barua ya mhariri mfukoni, imefika juzi yake na basi lile lile la gazeti, ikisema makala imependwa pale ofisini kwao na kuniomba nyingine ndefu zaidi. Nikisema nilichanganya maneno, nitakuwa nimekiri kwamba gazeti lilichapa uongo wangu, na mlango ule ungefungwa. Tulikuta bwana utumishi amekaa, kijana aliyeletwa na mwekezaji, mdogo kwa marehemu kwa miaka mingi. Hakumwamkia. Alingoja aamkiwe yeye, na marehemu akatoa habari za asubuhi kwa sauti ya chini. Gazeti lilikuwa mezani, limepigwa mistari kwa kalamu nyekundu. Kijana akanigeukia mimi kwanza. Aliuliza kama mwandishi ni mimi, nikakubali. Akauliza kama aliyeyasema maneno haya ni huyu hapa.

Mitambo ilikuwa ikinguruma nyuma ya ukuta na chumba kilinuka majani ya moto. Marehemu hakunitazama, alitazama kofia yake magotini. Nilikuwa nimesoma kijitabu fulani cha mafunzo ya uandishi kwa njia ya posta, na humo nikachota jibu nililoliona la heshima, lisiloniumiza mimi wala yeye. Nikasema, "Sheria za kazi yangu haziniruhusu kumtaja aliyesema." Kijana akatabasamu, akachukua kalamu. "Kumbe yupo aliyesema," akajibu. Nilikuwa bado na nafasi. Ningeweza kusema hapana, hayupo, nilichanganya. Nilihesabu mistari ile myekundu, na nikaendelea kuihesabu mpaka nikasikia sauti ya marehemu ikimwambia bwana utumishi, "Mwache kijana wa watu. Maneno ni yangu, na niliyasema nikiwa na akili zangu timamu." Wiki ile ile walihama kambini, wakashuka Muheza kwa ndugu wa mke, na vitanda vyao juu ya lori la kabichi.

Nimejitetea sana tangu siku ile. Nimesema ulikuwa wakati wenyewe, na si uongo wote. Soko huria lilitushushia mambo mengi kwa pamoja. Televisheni zilikuja, gemu zikaja, magazeti ya kusema chochote yakaja, na akaja mwekezaji anayeweza kumwondoa mtu aliyezaliwa kambini kabla juma halijaisha. Tulishangilia vile vinavyong'aa, na sisi vijana wa kalamu tulishangilia kuliko wote, kwa sababu tuliruhusiwa kusema. Hatukujiuliza nani atalipa tukisema. Mhariri alipata gazeti lililochangamka, mimi nikapata makala ndefu zaidi, na hatimaye safu hii inayonipa mkate. Draya walimwajiri mwingine asiyejua kuongea. Nakasirika ninapoandika haya, na hasira zenyewe hazina pa kwenda ila kwangu.

Miaka mingi ilipita kabla sijamwona tena. Nilikuwa sokoni Muheza nikinunua mdalasini, nikamkuta nyuma ya lundo la machungwa, amenenepa, nywele zimeanza mvi. Nilitoa shikamoo nikiwa sijui kama itaitikiwa. Aliitikia, akanimenyea chungwa. Nilianza kuomba radhi kwa hotuba niliyoitayarisha miaka yote hiyo, naye akanikatiza akaniuliza kama fundi cherehani bado anabisha kwamba wale wa upande mmoja walipendelewa. Nikamwambia bado. Alicheka sana. Baadaye, nilipokwisha kuaga, ndipo aliposema lililokuwa moyoni. "Gazeti halikuniuma. Ulinieleza vizuri mno tu. Kilichoniuma ni kwamba ulikuja mpaka pale, ukakaa kiti cha karibu yangu, halafu hukunipokea." Hakulisema kwa ubaya. Alinipa machungwa sita ya njiani, akakataa kulipwa. Tangu hapo tulipigiana simu sikukuu, na kila nikishuka nilipita kwake, lakini jambo hilo hatukuligusa tena.

Nililolipata kwake ni hili, na linanihusu mimi na kila mwenye kalamu. Kutomtaja mtu si kumlinda. Unaweza kuacha jina lake na bado ukamtoa nje uchi. Kinachomlinda ni wewe kuwa tayari kusimama mahali pake pindi atakapoulizwa, na kama huna uthabiti huo, maneno yake usiyaguse. Mimi sikuwa nao siku ilipohitajika, na sina hakika kama ninao leo. Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu wa mwoga anayejijua: kila ninayemwandika humu, kabla hamjamsoma, naenda kwake nikamsomee kwa sauti, akitaka kitu kitoke kinatoka.

Yeye sikuwahi kumsomea. Jumatano, siku ya kuanua tanga, baada ya watu kutawanyika, niliketi na mkewe kwenye mkeka, nikamsomea makala hii yote, pamoja na pale ofisini. Alisikiliza huku akichambua mchele, hakuinua uso. Nilipomaliza aliniomba nitoe sentensi moja. Hakusema kwa nini, nami sikuuliza. Ilikuwa sentensi niliyoipenda kuliko zote. Nimeitoa.