Nada, Mwenye Msiba

Asubuhi aliyofariki Bi Maisara, watu wa mwanzo kuingia nyumbani kwake Kiponda waliulizana jambo moja kwa sauti ya chini: yule mtoto afanywe nini?

"Yule mtoto" alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushei, jina lake Nada. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, anapitisha pindo la kanga ya mama yake katikati ya vidole, huku akivuma kwa sauti ya puani isiyopanda wala kushuka. Alikuwa halii. Wanawake waliokuwa wanapanda juu walikusanya mabaibui yao wakampita pembeni, kama mtu anavyopita pembeni ya ndoo ya maji.

Hakuna aliyesema, ingawa wengine walikuwa wanajua, kwamba aliyeleta habari ya kifo kile ni yeye. Alfajiri Bi Maisara alibanwa na kifua akaanguka chumbani. Nada, ambaye maishani mwake hakupata kutoka nje peke yake, alishuka ngazi, akafungua mlango wa mbele, akavuka uchochoro na kwenda kusimama mbele ya mlango wa jirani, Bi Ulfat. Hakubisha hodi. Alisimama tu, mpaka Bi Ulfat alipofungua mlango ili afagie. Nada akamshika baibui akamvuta. Bi Ulfat alifika akakuta roho imeshatoka.

Nada alizaliwa mzima, mnene, mwenye macho makubwa. Alipokaribia miaka mitatu maneno machache aliyokuwa nayo yakaanza kupungua. Akawa haitiki akiitwa. Ukimshika anajikunja. Redio ikipandishwa sauti anaziba masikio na kupiga kichwa ukutani. Baba yake, Nasser, alikwenda Muscat kutafuta maisha, akaoa huko na habari zake zikakatika. Bi Maisara akabaki na watoto wawili, Nada na mdogo wake Hisham, na akamzungusha Nada kila alikoelekezwa. Alinyweshwa makombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwa zafarani, akafukizwa. Mmoja alisema ana jini, mwengine akasema ni hasadi ya watu. Ilipita miaka mingi mpaka daktari mmoja alipomkalisha Bi Maisara akamwambia kuwa huu ni usonji. Si laana wala si maradhi ya kuambukiza. Ndivyo ubongo wake ulivyoumbwa: sauti na mguso vinamfikia kwa ukali kuliko wanavyovisikia wengine, na maneno hayamjii kwa urahisi.

"Dawa yake nini?" aliuliza Bi Maisara.

"Hii si ya kupoza kwa dawa, bibi. Lakini anafahamu kuliko unavyodhani. Sema naye maneno machache, ya wazi. Na kila jambo mwambie kabla halijatokea."

Tangu siku hiyo Bi Maisara akawa anasema na binti yake namna hiyo. "Nada, tunatoka sasa. Tunakwenda dukani. Tunarudi." Na Nada akawa anatoka, anakwenda dukani, anarudi. Wali wake ulipakuliwa peke yake, mchuzi usiuguse. Siku ya jirani kupasua ukuta kwa mashine, mama alimwambia mapema, wakakaa chumba cha nyuma mpaka mafundi walipomaliza.

Lakini mji haukupewa mafunzo yale. Kwenye harusi ya binamu yao, ngoma zilipoanza, Nada alipiga ukelele, akakimbia katikati ya wanawake na kuangusha sinia la biriani. Hapana aliyemtukana. Ila kuanzia hapo kila mwaliko ulikuja na neno la pembeni: "Bi Maisara, wewe njoo, lakini yule mtoto umwache." Bi Maisara hakuwa na mtu wa kumwachia, akaacha kwenda. Aliacha harusi, akaacha maulidi, mwishowe akaacha hata kwenda misibani, jambo ambalo katika mji huu mtu halisamehewi upesi. Watu walimnunia kwa muda, kisha wakazoea kutomwona.

Hisham alikua, akaoa, akahamia Kikwajuni na mkewe Nunu. Alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli na vespa Darajani. Kila Ijumaa alimletea mama yake samaki na matunda, na akiwa bado yupo mlangoni aliuliza, "Hajambo?" Nada alikuwa amekaa hapo hapo mbele yake.

Basi siku ya msiba Hisham ndiye aliyekata shauri. "Mpelekeni nyumba ya pili," aliwaambia wanawake. "Watu watajaa hapa. Akianza kupiga kelele itakuwa fedheha mbele ya maiti." Wakamchukua Nada wakamweka chumbani kwa jirani mwengine, ng'ambo ya uchochoro, wakarudisha mlango. Watoto wa nyumba ile waliambiwa kila akitaka kutoka wamwambie kuwa mama yake amelala, akiamka atamjia. Nada alikaa chini, akaukabili mlango, akangoja aamke.

Bi Rahila, mdogo wake marehemu, aliingia kabla ya adhuhuri akitokea Matemwe, ambako aliolewa na kulima mwani miaka yote. Alilia kwa dada yake, akafunika uso wa maiti, akageuka.

"Nada yuko wapi?"

Wanawake wakatazamana. Hisham aliyekuwa kwenye ngazi akajibu, "Tumempeleka nyumba ya pili, mama mdogo. Ili watu wapate kupumua."

"Mwenye msiba ndiye mliyemtoa msibani?"

"Mama mdogo, hafahamu kitu. Kaambiwa mama kalala, katulia."

Bi Rahila hakubishana naye. Alitoka, akavuka uchochoro, akaingia chumba kile na kukaa sakafuni, mbali kidogo na Nada, bila ya kumgusa. Akangoja mpaka Nada alipopunguza kujitikisa.

"Nada. Mimi Rahila. Nnakwambia kweli. Mama hakulala. Mama amekufa. Hapumui, hasikii maumivu. Hataamka."

Nada alinyamaza kuvuma. Akakazia macho mkono wa mama yake mdogo uliochubuliwa na maji ya chumvi. Kisha akasema, "Hapumui."

"Hapumui, mwanangu. Watamkosha sasa. Halafu wanaume watambeba, watakwenda kumzika. Unataka kumwona?"

Nada akasimama.

Bi Ulfat, ambaye mtaani ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake, alikuwa ameshatayarisha kila kitu: maji yenye majani ya mkunazi, karafuu maiti, sanda, na chetezo cha udi. Walipomwona Nada mlangoni baadhi ya wanawake walisema jamani, jamani. Mmoja akataka kumrejesha nje.

"Huyu ndiye mwanawe," alisema Bi Ulfat. "Hapana mtu humu mwenye haki kuliko yeye. Asiyekuwa na kazi atoke. Na atakayebaki asipige kelele." Akachukua chetezo akakipeleka nje kwenye korido, kwani alimwona Nada anabana pua. Kisha akasema naye kama Bi Rahila alivyomwelekeza.

"Nada, nitaosha mkono wa kulia wa mama. Maji ni baridi. Wewe utamimina, mie nitaosha."

Akampa kata. Nada alitazama mkono wa mama yake, akatazama kata, akamimina. Alimimina polepole, pale pale alipooneshwa, bila ya kumwagia pembeni. Bi Ulfat akimwambia bega, anamimina begani. Akimwambia simama, anasimama. Katikati ya kazi ile alianza tena kuvuma, na Bi Ulfat akawa anasoma dua zake chini kwa chini, sauti mbili pamoja katika chumba kile kidogo. Bi Rahila alishika sitara ya shuka. Walipomaliza, Nada aliinama, akaweka kiganja kwenye paji la uso wa mama yake, yeye ambaye hakupenda kugusa ngozi ya mtu, akakiacha pale mpaka alipotosheka.

Jeneza lilipotolewa mlangoni ndipo alipopiga ukelele. Ulitoka tumboni, ukajaa uchochoro mzima, na wanaume waliobeba jeneza wakasita. Hisham aligeuka, uso umemwiva. Mwanamke mmoja akainuka kwenda kumziba Nada mdomo.

"Mwache!" alisema Bi Rahila. "Nyote hapa mmelia tangu asubuhi. Huyu ndiyo kwanza anaanza."

Mwanamke yule akakaa. Jeneza likaenda.

Matanga yalipokwisha Bi Rahila alirudi Matemwe kwa mumewe mgonjwa, na Hisham na Nunu wakahamia Kiponda kwa muda, mpaka ukoo upate shauri. Hapo ndipo mambo yalipokuwa mazito. Kila siku Nada alishuka ngazi, akafungua mlango wa mbele na kusimama kizingitini akitazama upande lilikokwendea jeneza. Akirudishwa ndani, anashuka tena. Chakula hakukigusa. Hisham akauwekea mlango kufuli, na Nada akaupiga kwa viganja mpaka vikachubuka na kutoka damu.

Shauri la ukoo likaja kwa simu, kutoka kila upande. Mmoja alisema apewe vidonge vya usingizi. Mwengine alisema atafutiwe mahali pa kuwekwa, maana Nunu ana watoto wadogo na mtu hajui. Nunu alisikiliza yote akasema, "Mie simwogopi. Mie namwonea huruma, lakini sijui anataka nini."

Hisham akampigia Bi Rahila. Alimweleza habari ya mlango, ya viganja, ya chakula.

"Mama yake alitolewa kwa mlango ule," alisema Bi Rahila. "Yeye aliona. Baada ya hapo ameona nini?"

Akaendelea kabla Hisham hajajibu.

"Wewe ulikwenda Mwanakwerekwe. Ulimshusha kaburini kwa mikono yako, ukatia udongo. Unajua alipo. Nada hajui. Nilimwambia watamzika, lakini kuzika ni nini kwa mtu ambaye tangu utotoni hatujapata kumpeleka mazikoni?"

Lilikuwa jambo la kumtaka mtu afikiri, maana wanawake wa ukoo wao hawakuwa na mazoea ya kwenda makaburini. Hisham alimwendea Ustadh Abdulwahid, aliyesalisha msikiti wa jirani, akamuuliza. Ustadh alimwambia kwamba wapo wanaokataza na wapo wanaoruhusu, na kila mmoja ana hoja zake. "Lakini kama dada yako anateseka kwa kutojua mama yake alipo," alisema, "mimi nnakwambia mpeleke. Mwende kwa adabu, saa ambayo hapana watu wengi."

Asubuhi moja baada ya mvua, Hisham aliazima gari ya rafiki yake. Akasimama mbele ya dada yake kwenye ngazi, na maneno yakamtoka kwa tabu, kwani hakupata kusema naye namna ile hata mara moja.

"Nada. Tunatoka sasa. Tunakwenda Mwanakwerekwe. Mama amezikwa huko. Tutaona kaburi. Tunarudi."

Nada akashuka, akaingia garini.

Makaburini ardhi ilikuwa bado imelowa. Hisham alimwonesha tuta la udongo lenye vibao viwili. "Mama yumo humu," alisema. "Tulimlaza, tukamfunika. Hatoki tena." Nada alichuchumaa. Akaingiza vidole katika udongo, akavinusa, akavitazama. Kisha akalala ubavu pembeni ya kaburi, shavu chini, kanga ikaingia tope.

Wanaume wawili wenye majembe walikuwa wanapita. Hisham aliona aibu ile ile aliyoijua tangu utotoni inampanda shingoni, na neno "inuka" likamfika mdomoni. Hakulitamka. Aliwajibu wale wanaume salamu yao, akakaa chini kwenye majani mabichi karibu na miguu ya dada yake.

"Mama humu," alisema Nada.

"Ndiyo. Mama humu."

Hapo Hisham alilia. Hakuwa amelia siku ya mazishi, kwa kuwa alikuwa na watu wa kuwapokea na mambo ya kusimamia. Nada hakumtazama wala hakumbembeleza. Baada ya muda alivuta kanga kutoka chini ya ubavu wake, akamsukumia pindo moja, akabaki na la pili mkononi.

Jioni ile Nada alikula wali. Mlangoni aliendelea kwenda, lakini si kila siku, na Hisham akaling'oa kufuli. Yeye na Nunu hawakurudi Kikwajuni. Haikuwa rahisi: zilikuwapo siku Nada alijipiga, na siku watoto walilia kwa kushtuliwa. Nunu alihamishia blenda chini uani, na watoto wakajifunza kumwambia shangazi yao kabla ya kuwasha televisheni. Ulipokuja mwaliko wa harusi wenye neno lile la pembeni, Nunu alijibu, "Tunakuja sote, au hatuji." Walikwenda mapema, kabla ya ngoma, wakakaa karibu na mlango. Wanawake wawili walihama benchi. Wengine walibaki. Nada alikula, akatazama taa, na ngoma zilipoanza kujaribiwa Nunu akamwambia wanatoka, wakatoka.

Usiku ule Hisham hakuwa na furaha. Alimwambia mkewe, "Kumbe ilikuwa jambo dogo hivi. Na mama kakaa ndani miaka yote ile."

Siku hizi asubuhi nyengine Hisham huenda naye dukani Darajani, kabla pirika hazijaanza. Nada hukaa nyuma ya meza, akapanga minyororo ya baiskeli apendavyo. Mteja mmoja, mzee Machano, aliuliza akimwelekezea kidevu, "Huyu hajambo?"

"Anaitwa Nada, dada yangu mkubwa," alisema Hisham. "Mwulize mwenyewe."

Mzee akababaika kidogo. "Hujambo, Nada?"

Nada hakujibu. Mzee Machano alingoja, akachukua mpira wake wa baiskeli, akaenda zake. Kesho yake alipopita alimsalimu tena.