Reli ya Kutoka Jikoni

Mimi sikurithi kitu. Diploma yangu ya upimaji na ujenzi wa barabara niliihangaikia mwenyewe, Marekani nilijipeleka mwenyewe, na nyumba za kupangisha nilizo nazo huku nyumbani leo zimetoka kwenye miaka ya kuwaogesha wazee wa watu. Naringa, na sababu ninayo. Lakini kazi ninayoiringia kuliko zote niliifanya nikiwa nimepiga magoti kwenye kapeti ya apatimenti huko Minneapolis, kwa reli za kuchezea.

Mke wangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji. Mama akasafiri kutoka kijijini kuja kumtunza mzazi, kama ilivyo desturi. Katika furaha ya viza na tiketi tukasahau jambo ambalo mtoto wa kwetu hasahau: mama hakanyagi chumba anacholala mwanawe na mkewe. Nasi chumba cha kulala kilikuwa kimoja. Mama alilala sebuleni, mzazi na mtoto wakawa ndani, na mimi shifti zikanimeza.

Siku moja theluji ilizidi, tukaachiliwa mapema kazini kule Golden Valley. Nilichokikuta nyumbani kilinigandisha. Mama alikuwa kwenye korido, uso ameugeuzia ukutani asitazame ndani, akisukuma chupa ya uji kwa mpini wa ufagio kuelekea godoro letu. Kitanda tulikuwa hatujanunua. Pesa zilikuwa kwenye kiwanja nilichonunua huku nyumbani. Chupa ikagonga ukingo wa chuma wa kizingiti, ikaanguka, uji ukamwagika. Mke wangu akajaribu kuinuka, akapiga ukelele, mkono kwenye mshono.

Mama akauegemeza ufagio ukutani.

"Baba," akaniambia, maana nimepewa jina la babake, "nikatie tiketi nirudi. Nilikuja kulea. Sikuja kumsukumia mtu chakula kama kuku."

"Ingia tu, Mama. Huku ni Amerika, nani atakuona?"

Akanitazama kama niliyemtukana. "Mimi nitajiona."

Kesho yake, nikinunua nepi kule Roseville, nikaona sanduku la treni kubwa ya umeme, behewa lake linatosha kikombe. Nikamnunulia mwanangu, ambaye hata shingo ilikuwa haijakaza. Nilipoiunga sebuleni vipande vya kona vikafanya duara, vilivyonyooka vikabaki sandukuni, treni ikazunguka, ikazunguka. Mama alisimama mikono kiunoni.

"Inaenda wapi?"

"Inazunguka tu, Mama."

"Watu wazima wa huku hununua treni isiyofika?"

Nikatazama korido, kutoka jikoni mpaka mlango wa chumbani. Pale pale nikalifumua duara.

Vipande vile havipindiki. Kilichonyooka kimenyooka, cha kona kina kona yake, na wewe ndiye wa kutafuta mpangilio utakaokubaliwa na nyumba. Hapo diploma, ambayo Marekani nzima hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake, ikaamka. Nilipima korido, nikachora kwenye katoni la nepi. Vipande vitatu vya kona vinatoa pembe mraba. Basi vitatu vitoke jikoni, na vitatu vingine, vikigeuziwa upande wa pili, viingie chumbani. Mchoro wa kwanza ulikata kona mapema mno, treni ingejibamiza kwenye fremu ya mlango. Nikaongeza kipande kifupi kilichonyooka kabla ya kona, ikapita katikati. Kwenye kile kizingiti nikapanga katoni tabaka kwa tabaka, mlima ukawa mpole. Mlangoni tukatundika leso ya kujifunga kama pazia, upindo wake ukiwa juu ya sakafu kiasi cha treni kupita.

Mama nikamkalisha jikoni, nikamwonyesha swichi ya kwenda na ya kurudi. Uji ukafunikwa, ukapakiwa. Treni ikapanda kizingiti, ikatetemeka, ikazama chini ya leso. Kisha sauti ya mke wangu ikatoka ndani:

"Mama! Umefika! Lakini hauna sukari!"

"Mzazi hunywa uji mchachu, binti! Unataka maziwa yatoke au unataka keki?"

Hawa wawili, tangu Mama ashuke ndege, walikuwa wakisalimiana kwa minong'ono kama wageni matangani. Sasa walikuwa wanapigiana kelele kama majirani kisimani, na behewa likarudi na kikombe kitupu.

Tiketi sikuisahau. Mimi nikitumwa hutimiza. Wiki ile ile nilibadilisha tarehe ya tiketi yake ya kurudi, nikaingia nyumbani nikiwa na habari mdomoni.

"Mama, nimefanikiwa. Unasafiri Jumamosi."

"Nani anasafiri?" Sauti ilitoka nyuma ya leso, kali, sijawahi kuisikia kwa mke wangu. "Mama, umemtuma?"

"Nilimtuma nikiwa na hasira," Mama akajibu, macho kwenye sufuria. "Mwanamume akitumwa vitu vya hasira hufanya haraka. Mtume vitunguu uone."

Nyuma ya leso mtu alicheka, akaguna kwa maumivu ya mshono, akacheka tena. Nilibaki mlangoni na koti langu la theluji.

"Kampigie simu huyo wa tiketi," Mama akasema, akibonyeza swichi. "Na uondoe kiatu relini, supu inapita."